Kivimbe kwenye kovu la upasuaji kimeacha kufuata hedhi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Newala. Wawili wa mwisho nilijifungua kwa upasuaji, na kitindamimba wangu sasa yuko kidato cha nne. Miaka michache baada ya kumzaa niligusa kitu kigumu chini ya ngozi, upande wa kulia wa kovu. Hedhi ikikaribia kinavimba na kuuma, hata khanga ikikigusa naruka. Hedhi ikiisha kinanywea. Huku kwetu ukisema tumbo linauma siku zako unaambiwa ni chango, basi nikaishi nacho.

Mwaka 2019 kilinizidi, nikaenda hospitali wakakitoa. Daktari alisema ni endometriosisi, nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi imeota kwenye kovu. Sikupewa karatasi yoyote zaidi ya cheti cha dawa, na sikuuliza.

Kimerudi, Shangazi. Mwaka jana kilikuwa kama korosho iliyobanguliwa, sasa ni kama bibo. Nikikisukuma kwa vidole hakisogei. Ngozi ya juu imekuwa ya zambarau, na wiki iliyopita ilipasuka kidogo ikatoa majimaji yenye damu. Kinachonitisha zaidi ni hiki: niko kwenye sindano ya uzazi wa mpango, hedhi sijaiona zaidi ya mwaka, lakini maumivu sasa ni ya kila siku. Hata usiku naamka nimekishika.

Mama mkwe alinipeleka kwa mzee mmoja nikachanjwa chale juu ya kovu na kupakwa dawa. Tabibu mmoja mwenye chumba chake karibu na soko amekibonyeza, akasema ni mafuta tu, atanikata kwa ganzi Jumamosi ijayo na nitarudi nyumbani kwa miguu yangu. Mume wangu si mtu mbaya, ila sasa hivi ana mikorosho ya kupulizia salfa na vibarua wanamdai. Anasema tuvumilie mpaka mnada wa korosho uanze, malipo yakiingia benki twende Mtwara mjini kwa nafasi.

Nimesikia kwa watu kwamba endometriosisi inaweza kugeuka kansa. Nilipomuuliza muuguzi mmoja alicheka, akasema kansa ya akina mama iko kwenye kizazi na matiti, haikai kwenye kovu la tumbo. Nani mkweli? Nikatwe Jumamosi? Na hii sindano ndiyo imenifikisha hapa?

Mama wa watatu, Newala


Marahaba, mwanangu.

Naanza na Jumamosi kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Usiende. Simtukani tabibu huyo, huenda anajua kutumbua majipu vizuri sana. Lakini uvimbe uliowahi kutolewa ukarudi, ukakua, ukashikana na nyama za chini na sasa umepasua ngozi, haukatwi kwa ganzi ya juu juu kwenye chumba cha pembeni mwa soko. Uvimbe wa namna hii mara nyingi umeingia hadi kwenye utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo, na pengine kwenye misuli yenyewe. Atakata sehemu anayoiona, mizizi itabaki. Na kama ndani yake kuna seli mbaya, kisu kinachopita katikati yake kinaweza kuzitawanya, na daktari bingwa atakayekuja baadaye atakuta mipaka imeshavurugwa.

Halafu liko swali ambalo ningependa kila mwanamke anayeambiwa "tunakitoa tu" aulize kabla hajapanda kitandani: hiyo nyama ikishatoka inakwenda wapi? Kwa tabibu wako itakwenda kwenye ndoo ya taka, na jibu lako litakuwa ndani ya hiyo ndoo. Nyama yoyote inayotolewa mwilini kwa sababu haijulikani, au kwa sababu imerudi, inatakiwa iingie kwenye chupa yenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, iandikwe jina lako, iende maabara ya patholojia ikasomwe kwa darubini. Macho hayatoshi, hata yawe ya profesa.

Sasa kuhusu nani mkweli. Muuguzi amekosea, na waliokutisha wamekwambia nusu ya habari.

Endometriosisi si ugonjwa wa ajabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inawapata karibu 10% ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu milioni 190 hivi. Ni nyama inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota mahali pasipo pake. Mara nyingi huota humo humo kwenye nyonga: juu ya ovari, nyuma ya mfuko wa uzazi, kwenye mirija. Lakini pia huonekana kwenye utumbo, kibofu, kitovu, hata kwenye kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na kwenye mapafu, ambako mwanamke anaweza kukohoa damu au kubanwa kifua kila hedhi inapofika, akapimwa TB mara kadhaa bila kuonekana kitu. Ya kwenye kovu la upasuaji ina maelezo mepesi: mfuko wa uzazi unapofunguliwa kumtoa mtoto, chembe za utando wake zinaweza kubaki kwenye kidonda zikaota humo. Inatokea kwa wachache, chini ya 1 katika kila 100 waliojifungua kwa upasuaji, kwa hiyo wanaosoma barua hii wakiwa na mishono yao wasianze kujipapasa usiku kucha.

Kugeuka saratani ni jambo la nadra zaidi. Kadirio linalotumika sana ni kama 1% ya wenye endometriosisi, na wengi wa hao saratani yao huanzia kwenye ovari. Inayoanzia nje ya nyonga, ukutani mwa tumbo kwenye kovu kama lako, ni nadra kiasi kwamba madaktari wengi hustaafu bila kuiona, na bado huandikwa kwenye majarida ya kitabibu mgonjwa mmoja mmoja. Ndiyo maana muuguzi akacheka. Lakini ipo. Aina yake kuu ukutani mwa tumbo ni saratani ya seli angavu, ikifuatiwa na ile inayofanana na saratani ya utando wa mfuko wa uzazi. Na haiji haraka. Kati ya upasuaji wa uzazi na siku inapogundulika hupita mara nyingi miaka 10, 20, hata zaidi. Hesabu umri wa kitindamimba wako uone kwa nini sikukuandikia "usijali".

Sikwambii una saratani. Kwa barua siwezi kujua, na hata anayekibonyeza kwa kidole hawezi. Uvimbe kwenye kovu unaweza kuwa ngiri, uzi wa zamani uliozungukwa na uvimbe, usaha, au endometriosisi ile ile iliyobaki mwaka 2019 ikakua tena. Kupasuka na majimaji vinaweza kuwa vimeletwa na zile chale, maana huenda wembe haukuchemshwa na dawa haikuwa safi. Ila kuna mambo kwenye barua yako ambayo chale haziwezi kuyaeleza. La kwanza ndilo ulilolihisi mwenyewe: uvimbe uliokuwa unaifuata hedhi miaka yote sasa unauma bila kungoja mwezi. Endometriosisi ya kawaida hufuata homoni. Ikiacha kuifuata, ikaendelea kukua hata pale hedhi imezimwa na sindano, au kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, lazima mtu aulize kwa nini. Kuna kasi pia, kutoka korosho hadi bibo ndani ya mwaka, na kule kushikana hata hausogei. Hayo nilipoyasoma nikaiweka barua yako juu ya zote.

Sindano haina kesi. Ile ya miezi mitatu ina homoni ya jamii ya projesteroni, na madaktari huitumia kutuliza endometriosisi, kwa hiyo huenda ndiyo iliyokupa nafuu mwanzoni. Homoni inayotiliwa mashaka ni estrojeni ikitolewa peke yake, kama wanavyopewa wanawake wengine baada ya kutolewa kizazi au kukoma hedhi. Hiyo wewe hukupewa. Usiikatishe sindano kwa hasira, mwambie tu daktari kuwa unaitumia na tangu lini.

Uende wapi? Kutoka Newala panda gari la asubuhi linalopita Tandahimba na Nanyamba, uende Mtwara mjini. Ligula ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na pale Mitengo kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Ukiwa na barua ya rufaa kutoka hospitali ya wilaya utazungushwa kidogo zaidi, basi pitia hapo kwanza. Wenzako wa upande wa Masasi huenda Ndanda, wa Lindi vijijini huenda Nyangao, kote kuna madaktari wa upasuaji. Unayemtaka ni daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake akishirikiana na wa upasuaji. Ukijieleza kwa kusema "nina uvimbe tumboni" utapangwa foleni na wenye vidonda vya tumbo. Sema hivi, na ukipenda iandike kwenye karatasi: "Nilijifungua kwa upasuaji mara mbili. Mwaka 2019 nilitolewa endometriosisi kwenye kovu. Imerudi, inakua haraka, imeshikana, imepasua ngozi, na inauma bila kufuata hedhi. Naomba ipimwe kabla ya kukatwa." Hiyo sentensi ya mwisho usiione kuwa ni ukosefu wa adabu. Daktari mzuri ataifurahia.

Utaanza na ultrasaundi, ambayo itaonyesha kama ni ngiri au ni nyama, na ukubwa wake. Kisha CT skani au MRI, kuona imeingia kina gani kwenye misuli na kama tezi za kinenani, ovari au mfuko wa uzazi vina tatizo. Huenda pia ukatolewa damu ya kipimo kinachoitwa CA-125. Usikiabudu kipimo hicho: hupanda kwa endometriosisi ya kawaida na kwa uvimbe usio na ubaya, na chaweza kuwa sawa wakati mambo si sawa. Kipimo chenyewe ni kuchukua kipande cha nyama, kwa kawaida kwa sindano nene, kikasomwe. Kama pale ulipo hakuna wa kukisoma kitasafirishwa, na wakati mwingine ndugu hukabidhiwa kichupa akipeleke Dar es Salaam mwenyewe. Likitokea hilo, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye chupa yenyewe, siyo kwenye kifuniko tu, na kipande kimezama chote kwenye fomalini. Maji au spiriti haifai. Na namba ya simu iliyo kwenye fomu iwe ya mtu anayepokea simu.

Kuna kazi nyingine ambayo mumeo au yule wa kidato cha nne anaweza kukufanyia: kurudi hospitali iliyokufanyia upasuaji mwaka 2019. Chumba cha upasuaji huwa na kitabu cha kuandikisha kila aliyepasuliwa. Waombe waangalie jina lako, tarehe, na kama nyama ilipelekwa patholojia. Kama ilipelekwa, kuna ripoti, na maabara huhifadhi vipande vya nyama ndani ya vitofali vidogo vya nta kwa miaka. Faida yake ni kubwa. Daktari Mmarekani John Sampson aliweka mwaka 1925 masharti ya kusema saratani fulani imetokana na endometriosisi: vyote viwili vionekane pamoja mahali hapo, saratani iwe ya aina inayoweza kutoka kwenye nyama ya namna hiyo, na isiwe imesafiri kutoka sehemu nyingine ya mwili. Mwaka 1953 mwenzake Scott akaongeza kwamba darubini ionyeshe nyama ya kawaida ikibadilika kuwa mbaya. Unaona kwa nini kipande cha zamani kina thamani? Uvimbe mpya unaweza kuwa umeshaimeza endometriosisi yote isibaki dalili yake, na msomaji wa darubini akadhani ni saratani iliyotoka utumboni. Ripoti ya 2019 ingemwambia ilianzia wapi. Kama haikupelekwa popote, basi, tumejua, na hilo nalo mwambie daktari.

Wakikuta ni endometriosisi tu, utahitaji upasuaji wa kukitoa chote pamoja na nyama safi pembezoni, na tumbo lishonwe vizuri, pengine kwa kuwekewa wavu ili ngiri isiingie. Kisha kipelekwe tena patholojia kikiwa kizima, maana sindano huchota sehemu tu.

Wakikuta ni saratani, matibabu yanaanza na upasuaji huo huo ila mpana zaidi, kwenye hospitali yenye timu. Hutolewa uvimbe, ngozi iliyo juu yake, utando na sehemu ya misuli, na huangaliwa tezi za kinenani. Wengi hufuatiwa na dawa za saratani kwa njia ya mshipa, mara nyingi kaboplatini na paklitakseli, zile zile za saratani ya ovari. Wapo wanaopewa mionzi. Kwa kuwa ugonjwa ni nadra, hakuna utafiti mkubwa uliolinganisha njia hizi, madaktari huamua kwa kukaa pamoja na kuutazama mwili wako wewe. Kwa huku kusini hapo ndipo rufaa ya Dar es Salaam inapokuja, Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Sitakupamba: aina ile ya seli angavu ni kali, na ikishafika kwenye tezi kazi huwa ngumu. Ikikutwa ingali pale ilipoanzia na ikatolewa na mipaka safi, nafasi ni tofauti kabisa.

Mama mkwe usigombane naye. Alitaka upone. Mwambie daktari amekataza kuchanja, kukanda na kuweka vitu vya moto hapo mpaka vipimo vitoke, na mimi nakuruhusu useme ni mimi daktari mwenyewe kama itasaidia amani. Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka mingi huko huko kusini, najua maneno ya mama mkwe yanapewa uzito gani ndani ya nyumba.

Tumalizie kwa mumeo, maana nadhani ndiye atakayesomewa barua hii. Shemeji yangu, nakuelewa. Salfa haingoji na kibarua hangoji. Lakini unapiga hesabu ya safari moja kubwa, na hospitali haiendi hivyo. Safari ya kwanza ni nauli, kumwona daktari, ultrasaundi na kipande cha nyama. Majibu ya patholojia huweza kuchukua wiki kadhaa. Mkienda sasa, muda wa kungoja majibu ndio huo huo wa kungoja mnada. Mkingoja mnada ndipo muanze, mtangoja majibu tena mvua zikinyesha. Kwa fedha za mwanzo kuna kikoba cha mkeo, kuna ndugu, kuna mbuzi. Ila kwa mtu wa kangomba, mnunuzi wa korosho wa magendo, usiende. Ukiuza korosho zikiwa bado maua atakupa robo ya haki yako, na fedha ya upasuaji utaitoa wapi? Kama mna CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ulizeni mapema inawafikisha ngazi ipi. Na hospitalini kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Watu wanapita mlango wake wakidhani ni ya wagombanao ndoa, kumbe ndiyo inayosikiliza asiyemudu gharama na kumwombea msamaha.

Mwanangu, kidonda kioshe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kifunike kwa shashi kavu, ubadilishe kila siku. Ikija homa, au damu ikitoka bila kukatika, usisubiri gari la kesho, nenda hospitali ya wilaya hapo hapo Newala. Na huyo tabibu mpigie simu kabla ya Jumamosi umwambie huji.